Assistenzarzt si daktari msaidizi

Haya wasomaji wangu, leo tuzungumzie vyeo. Ukikuta neno Assistenzarzt kwenye habari ya Ujerumani, usikimbilie kulitafsiri kwa Kiingereza "assistant doctor". Huyo ni daktari kamili mwenye leseni, anayesomea ubingwa hospitalini kwa miaka 5 au 6. Kwetu Tanzania daktari msaidizi ni kada nyingine kabisa, isiyohitaji shahada ya udaktari.

Wamarekani humwita "resident", na hapo pana historia. Daktari wa upasuaji William Halsted alijifunza Ujerumani na Austria kati ya 1878 na 1880. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore mwaka 1889, yeye na William Osler walianzisha mafunzo ya ubingwa kwa mfano wa Wajerumani. Vijana waliishi hospitalini, ndiyo maana wakaitwa wakaazi.

Na Arzt im Praktikum je? Ngazi hiyo ilianza 1988, ikafutwa 2004. Alikuwa amemaliza chuo ila hana leseni kamili, "intern" linamfaa.

Kwa hiyo ukitafsiri cheti cha mtu, angalia mwaka, usimpandishe wala kumshusha. Neno moja linaweza kumnyima kazi.