Samhain na Haki ya Wafu

Mauti hayana kabila, lakini ukumbusho wa wafu una makabila, lugha na majira yake. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya majira yaliyochaguliwa tangu zamani ni mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika, mchana unapofupika kila siku, na baridi inapoanza kubisha hodi. Katika kisiwa cha Ayalandi usiku unaoitenga tarehe 31 Oktoba na tarehe 1 Novemba huitwa usiku wa Samhain, neno ambalo matamshi yake yakaribia "sawin", na ambalo hata leo ndilo jina la mwezi wa Novemba katika lugha ya Kiayalandi. Maelfu ya watu wa Ulaya na Marekani, wanaojiita Wapagani bila haya wala kificho, huwasha mishumaa usiku huo na kuwataja jamaa zao waliofariki. Wengi wao huamini kwamba wanaifuata sikukuu ya wafu iliyoadhimishwa kabla ya Ukristo. Je, imani hiyo ina ushahidi? Swali hili si dogo, maana adhimisho lenyewe ladai kuwa ni la kuwaheshimu waliotangulia.

Ili sikukuu hii ieleweke, hapana budi kuanza na ng'ombe, si na makaburi. Watu wa kale wa Ayalandi walikuwa wafugaji. Utajiri wa mtu ulipimwa kwa idadi ya ng'ombe wake, na mwaka uligawanywa sehemu mbili kwa mahitaji ya mifugo. Mwanzoni mwa Mei, katika sikukuu iliyoitwa Bealtaine, makundi yalipelekwa malisho ya kiangazi. Mwanzoni mwa Novemba, katika Samhain, yalirudishwa nyumbani. Wanyama wasiotazamiwa kuivuka baridi walichinjwa, na nafaka ilikuwa imekwisha kuwekwa ghalani. Ulikuwa wakati wa shibe na wa hofu pamoja: shibe kwa kuwa nyama ilikuwa tele, na hofu kwa kuwa hapana aliyejua ni nani atakayeiona Mei nyingine. Tena siku ilihesabiwa tangu machweo, kama ilivyo katika hesabu ya Waswahili na Waislamu, kwa hiyo sikukuu iliingia pamoja na giza.

Wafuasi wa dini ile ya kale hawakuacha kitabu chochote juu ya ibada zao. Ukristo uliingia Ayalandi katika karne ya 5, na hadithi za zamani zilianza kuandikwa baadaye sana, katika nyumba za watawa, kwa mikono ya watu waliokwisha kubatizwa. Kwa hiyo sauti ya mpagani husikika kwa kupitia kinywa cha mtawa. Katika hadithi ya maradhi ya shujaa Cú Chulainn, watu wa Ulster wanakusanyika uwandani siku tatu kabla ya Samhain, siku yenyewe, na siku tatu baada yake. Wanakula, wanacheza, na mashujaa wanajisifia ushindi wao. Katika hadithi nyingine usiku huo ni wakati wa wafalme kufa, ngome kuteketea, na viumbe wa ajabu kutoka katika vilima vyao. Wazo linalorudi mara kwa mara ni kwamba mpaka kati ya ulimwengu huu na ule mwingine hulegea usiku wa Samhain.

Hadithi iliyo karibu kuliko zote na habari za wafu ni ile ya Nera. Mfalme Ailill na Malkia Medb walikuwa katika ngome yao ya Cruachan usiku wa Samhain, baada ya mateka wawili kunyongwa. Mfalme akaahidi zawadi kwa yeyote atakayethubutu kutoka nje na kumfunga mmoja wa wale walionyongwa kitanzi cha fito mguuni. Waliojaribu walirudi mbio kwa hofu. Nera alifika, na maiti akasema naye. Akaomba abebwe mgongoni akapate maji, kwa kuwa alinyongwa hali ana kiu. Nyumba ya kwanza waliikuta imezungukwa na moto, na ya pili imezungukwa na maji. Katika nyumba ya tatu maiti alipata cha kunywa. Akanywa, kisha akawatemea wenyeji funda la mwisho, nao wakafa. Baada ya hayo Nera aliingia katika pango la viumbe wa ajabu, na ili aaminiwe atakaporudi, alitoka na mimea ya kiangazi katika wakati wa baridi. Pango linalohusishwa na habari hiyo, liitwalo Oweynagat, lipo hata leo huko Rathcroghan, katika wilaya ya Roscommon.

Mtu akiisoma hadithi hiyo kwa utulivu ataona jambo la maana. Maiti yumo na ana kiu, lakini si jamaa wa mtu. Hakuandaliwa chakula, hakutajwa jina, wala hakuombewa. Nyumba zilizosalimika ni zile ambazo hakuweza kuingia. Hapa pana hofu ya mfu, na labda huruma kidogo, lakini hapana karamu ya kumkaribisha marehemu wa ukoo. Walakini mtu asikimbilie kusema kwamba wafu hawakuwamo kabisa katika Samhain. Vilima ambamo wale viumbe wa ajabu walisemwa kuishi, vingi vyake ni makaburi ya kale. Kilima cha Mateka huko Tara ni kaburi lililojengwa miaka 5000 hivi iliyopita, na ujia wake huingiwa na mwanga wa jua linapochomoza mwanzoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Februari. Ni nini walichokifikiri wajenzi wake, mawe hayasemi.

Siku ya wafu iliyo wazi katika maandiko ililetwa na Kanisa. Mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu hekalu la Pantheon mjini Roma kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote, na ukumbusho wake ukawa tarehe 13 Mei. Mwaka 835 Ludoviko Mchamungu, mtawala wa Wafaranki, aliagiza kwa shauri la Papa Gregori IV kwamba Sikukuu ya Watakatifu Wote iadhimishwe katika milki yake tarehe 1 Novemba. Husemwa mara nyingi kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa ili kuifunika Samhain. Lakini orodha ya watakatifu iliyotungwa Ayalandi kwenyewe mnamo mwaka 800 yaweka ukumbusho wa watakatifu wote wa Ayalandi, Uingereza na Ulaya nzima tarehe 20 Aprili, na dalili za mapema za tarehe 1 Novemba zapatikana kwa Waingereza na Wajerumani. Kama shabaha ilikuwa kuifunika sikukuu ya Waayalandi, ni ajabu kwamba Waayalandi hawakuwa wa kwanza kuitumia tarehe hiyo. Kisha Odilo, abati wa Cluny nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1049, aliziamuru nyumba za watawa zilizokuwa chini yake kuwaombea marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Desturi hiyo ikaenea Ulaya ya magharibi yote.

Hapo ndipo wafu wa kila nyumba walipopata siku yao. Katika Uingereza maskini walizunguka milangoni wakipewa mikate midogo ya roho, nao kwa malipo wakawaombea marehemu wa nyumba hiyo. Katika karne ya 16 Waprotestanti waliikana toharani na kuyapinga maombi ya wafu, lakini kuzunguka milangoni kuliendelea katika sehemu nyingi hata baada ya maombi kusahauliwa. Katika vijiji vya Ayalandi, ambako wengi walibaki Wakatoliki, watu waliacha mlango bila komeo, wakachochea moto, wakapanga viti mbele yake, na kuweka bakuli la maji mezani kwa ajili ya jamaa watakaorudi usiku. Mtu aliyekwisha kumsoma Nera hawezi kuliona bakuli hilo bila kumkumbuka maiti mwenye kiu. Huenda ni kiu ile ile, iliyobatizwa ikapewa tarehe mpya. Lakini hapana hati inayoliunganisha bakuli na hadithi.

Pengo hilo la ushahidi limewashawishi wengi kulijaza kwa dhana. Charles Vallancey, afisa mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyeishi Ayalandi katika karne ya 18, aliandika kwamba Samhain ni jina la mungu awahukumuye wafu. Mungu huyo hajulikani katika maandiko yoyote ya kale, lakini kosa hilo liliendelea kunakiliwa, na katika karne ya 20 baadhi ya wahubiri wa Marekani walilitumia kuishutumu sikukuu nzima kuwa ni ibada ya mungu wa mauti. Mwaka 1886 John Rhys, profesa wa Oxford, alitoa rai kwamba Samhain ilikuwa mwaka mpya wa Waselti. James Frazer, mwandishi wa kitabu mashuhuri juu ya dini na uganga, alishikilia kwamba ilikuwa sikukuu yao ya wafu, kwa hoja kwamba siku ya Kanisa lazima iwe imerithi siku ya wapagani. Mwaka 1996 mwanahistoria Ronald Hutton alizipima rai hizo mbili moja moja, akaona kwamba hazina msingi imara. Katika miaka mia moja dhana ya wasomi ilikuwa imegeuka kuwa elimu ya kila mtu.

Wakati wasomi wakibishana, wenye desturi yenyewe walipatwa na msiba. Kuanzia mwaka 1845 hadi 1852 ugonjwa wa viazi ulileta njaa kubwa Ayalandi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja waliihama nchi. Hesabu ya watu, iliyokuwa zaidi ya 8,100,000 mwaka 1841, ilishuka mpaka 6,550,000 hivi mwaka 1851. Wengi walizikwa bila jeneza katika mashimo ya pamoja. Waliovuka bahari kwenda Marekani waliyaacha makaburi, lakini waliuchukua usiku wa Samhain, ambao kwa Kiingereza uliitwa Halloween. Nyumbani walikuwa wakichonga nyuso za kutisha katika mizizi ya tanipu. Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchongwa. Hatimaye usiku huo ukawa wa watoto, wa peremende na wa biashara, na wafu wakabaki kuwa mavazi ya mzaha.

Wapagani wa leo walitokea baada ya hayo. Mwaka 1951 sheria ya mwaka 1735 juu ya uchawi ilifutwa Uingereza, na mwaka 1954 Gerald Gardner alitoa kitabu kilichoutangaza Uwika, dini ambayo yeye alidai kuwa mabaki ya imani ya kale. Wanahistoria wameuona kuwa dini mpya iliyofumwa kwa nyuzi nyingi, baadhi yake zikitoka kwa Frazer na wenziwe. Lakini dini mpya yaweza kukidhi haja ya zamani. Katika usiku wa Samhain wafuasi wake huweka picha za marehemu juu ya madhabahu, huwataja waliofariki katika mwaka uliopita, na wengine hula chakula kwa kimya, wakiacha kiti kimoja kitupu na sahani iliyojaa. Mjini San Francisco adhimisho la hadhara la namna hii lilianza mwaka 1979. Walioko Australia hulifanya mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa kuwa ndipo majira ya kupukutika yanapofika kwao. Na mwaka 2007, baada ya madai mahakamani, serikali ya Marekani ilikubali kuchonga alama ya dini hiyo, nyota ya pembe tano ndani ya duara, katika mawe ya makaburi ya askari. Wajane waliolipigania jambo hilo hawakuulizwa dini yao ina umri gani. Walidai mume azikwe kwa jina lake na imani yake, wakapewa.

Mfano wa wajane hao waonyesha njia ya haki. Methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Lakini aliyejibunia asili naye hayuko huru, maana kila hati inayofukuliwa humtia hofu. Kiti kitupu mezani hakihitaji cheti cha miaka elfu mbili ili kiwe na maana kwa aliyefiwa. Heshima yake imo katika upendo wa anayekiweka. Lakini wale wafugaji wa kale nao ni wafu, tena wafu wasioweza kujitetea. Vallancey aliwasingizia mungu wasiyemwabudu, na wapenzi wao wa leo huwasingizia karamu ambayo haijathibitika kwamba waliila. Mwenye kuwasha mshumaa kwa ajili ya waliotangulia awape na haki hii: aseme juu yao yale waliyoyaacha, na palipo kimya, akae kimya pamoja nao.