Usambazaji wa kingavirusi kwenye Mac za taasisi
Usambazaji wa kingavirusi kwenye Mac za taasisi ni kazi ya kuweka programu ya kuzuia virusi katika kompyuta nyingi za Apple kwa pamoja, kupitia mfumo wa kusimamia vifaa kama Jamf Pro au Microsoft Intune. Mfumo endeshi wa macOS una kinga yake, XProtect, tangu 2009, lakini kinga hiyo haimkusanyii msimamizi taarifa za kompyuta zote mahali pamoja.

Kusakinisha ni rahisi. Kazi iko kwenye ruhusa. Tangu toleo la Mojave (2018), programu haisomi data nyeti za mtumiaji bila idhini. Catalina (2019) ilileta viendelezi vya mfumo, ambavyo navyo huhitaji kuidhinishwa. Msimamizi hutoa idhini hizo kwa wasifu wa mipangilio, unaoitambua programu kwa saini ya msanidi wake. Wasifu hutangulia, kifurushi cha programu hufuata. Utaratibu huo ukipinduliwa, mtumiaji huletewa madirisha ya kuomba ruhusa; akiyapuuza, kingavirusi huonekana ipo ilhali mafaili mengi haiyagusi. Utendaji wake hujaribiwa kwa EICAR, faili lisilo na madhara ambalo kingavirusi nyingi hulitambua makusudi kama kirusi.