Kambale wa Ziwa Babati

Kambale (Clarias gariepinus) ni samaki wa maji baridi asiye na magamba, mwenye kichwa bapa na jozi nne za sharubu. Huvuliwa katika Ziwa Babati, kando ya mji wa Babati mkoani Manyara. La kustaajabisha zaidi kwake ni upumuaji: juu ya matamvua ana ogani yenye matawi inayofyonza oksijeni ya hewa. Ndiyo maana hustahimili tope na maji yaliyochakaa, hata hujikokota juu ya ardhi yenye unyevu kutafuta dimbwi jingine. Uwezo huo una thamani kubwa katika ziwa la kina kifupi ambalo maji yake hupanda na kushuka. Mwaka 1990 yalifurika hadi mjini. Kambale hutaga usiku, maji ya mvua yanapofunika majani ya kingoni. Tofauti naye, samaki aitwaye lota (Lota lota) wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, mwenye sharubu moja kidevuni, hutaga wakati wa baridi kali, mara nyingi chini ya barafu. Nalo Ziwa Manyara, lenye magadi, lina perege wake, Oreochromis amphimelas, ambaye kiasili hupatikana Tanzania pekee na anastahili kulindwa.