Kitanda cha Bei Nafuu Ndani ya Merikebu

Mwezi wa Desemba jijini Stockholm jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Baridi yake humwingia mtu hadi kwenye mifupa, na hoteli za katikati ya jiji ni za wenye nacho. Hata hivyo, kando ya kisiwa kidogo cha Skeppsholmen, ng'ambo ya maji mkabala na kasri la mfalme, imefungwa gatini merikebu nyeupe ya milingoti mitatu. Jina lake ni af Chapman. Ilianza kupokea wageni mwaka 1949, na tangu hapo wasafiri wasio na fedha nyingi wamekuwa wakilala humo, mahali ambapo kiwanja tu kingegharimu mamilioni.

Imewezekanaje? Jibu linaanzia mbali na Sweden, kwa mwalimu mmoja wa Kijerumani na mvua kubwa.

Richard Schirrmann, aliyezaliwa mwaka 1874, alifundisha shule ya msingi huko Altena, mji wa viwanda vya nyaya. Aliamini kwamba mtoto anayekulia kwenye moshi wa viwanda hawezi kuijua dunia kwa kukaa dawatini, kwa hiyo alikuwa akiwatoa wanafunzi wake na kutembea nao kwa miguu siku nyingi. Tarehe 26 Agosti 1909 walikuwa katika bonde la Bröl wakati radi na mvua vilipowakuta. Walipata hifadhi katika shule ya kijiji iliyokuwa imefungwa kwa likizo, wakaletewa majani makavu, wakayatandaza sakafuni na kulala. Watoto walisinzia. Mwalimu wao alibaki macho, akiwaza: kila kijiji kina shule, na kila likizo shule hizo hukaa tupu. Kwa nini zisigeuzwe malazi ya watoto wanaosafiri, madarasa mawili tu, moja la wavulana na jingine la wasichana?

Naona uzito mkubwa katika wazo hilo kwa sababu Schirrmann hakuanza kwa kutafuta fedha za kujenga. Alianza kwa kutazama kilichokwisha kujengwa na kisichotumika. Alifungua malazi katika shule yake mwenyewe, na mwaka 1912 akahamia ndani ya ngome ya kale ya Altena, iliyokuwa ikikarabatiwa wakati huo. Hosteli hiyo ya kwanza ya kudumu bado inaweza kuonwa, na vitanda vyake vizito vya mbao vya ghorofa tatu bado vimesimama. Msimamizi wa hosteli za Kijerumani aliitwa baba, na mkewe mama. Hao ndio waliofunga mlango usiku, wakazima taa, na asubuhi wakamkabidhi mgeni ufagio.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Schirrmann kwenye milima ya Vosges. Wakati wa Krismasi ya 1915 aliona askari wa Kijerumani na wa Kifaransa wakitoka kwenye mahandaki yao na kubadilishana vyakula, hawa mkate mweusi, wale mvinyo. Tangu hapo hakutaka hosteli ziwe za Wajerumani peke yao. Mwaka 1932 vyama vya hosteli vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam na kuunda shirikisho la kimataifa, naye akawa rais wake wa kwanza. Furaha haikudumu. Wanazi waliziweka hosteli za Ujerumani chini ya vijana wa Hitler, na mwaka 1936 serikali hiyo ikamlazimisha kujiuzulu urais. Alifariki mwaka 1961.

Sasa turudi kwenye merikebu. Iliundwa Whitehaven, Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1888 kwa jina la Dunboyne, ikasafirisha shehena hadi Australia na pwani ya magharibi ya Amerika. Baadaye ilinunuliwa na Wanorwe, kisha na Waswidi mwaka 1915, ikawa chombo cha kufundishia mabaharia. Jeshi la wanamaji la Sweden liliichukua mwaka 1923 na kuipa jina la Fredrik Henrik af Chapman, mbunifu mashuhuri wa meli wa karne ya 18. Safari yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1934, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kama kambi ya askari. Mwaka 1947 ilikuwa karibu kukatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu, Makumbusho ya Jiji la Stockholm yakaingilia kati. Miaka miwili baadaye chama cha utalii cha Sweden, STF, kikafungua hosteli humo.

Shule ya likizo, ngome ya kale, meli iliyostaafu: malazi haya yamekuwa yakikaa ndani ya vitu ambavyo wengine wamemaliza kuvitumia, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya bei yake kuwa chini. Stockholm hiyohiyo kuna Långholmen, gereza lenye seli zaidi ya 500, ambako mwaka 1910 Sweden ilitekeleza hukumu yake ya mwisho ya kifo. Lilifungwa mwaka 1975, na tangu 1989 seli zake zimekuwa vyumba vya hoteli na hosteli.

Sababu ya pili ya bei kuwa chini ni kazi ya mgeni mwenyewe. Katika hosteli za Sweden mgeni huvua viatu vyenye theluji mlangoni. Huja na shuka, kifuniko cha blanketi na foronya zake, au hukodi pale mapokezi, kwa kuwa mifuko ya kulalia kwa kawaida hairuhusiwi. Chakula chake hukiweka kwenye friji ya pamoja kikiwa na jina na tarehe, na akimaliza kupika huosha sufuria papo hapo, maana kuna mwingine anaisubiri. Siku ya kuondoka hupiga deki chumba chake, au hulipia mtu wa kukisafisha.

Siku hizi hosteli nyingi za miji mikubwa zinauza shuka, taulo na usafi kama huduma, na baadhi zimeondoa jiko na kuweka mkahawa. Hilo la shuka silipingi. Jiko ni jambo jingine. Mlo mmoja wa mkahawani Stockholm unaweza kukaribia nusu ya bei ya kitanda katika chumba cha pamoja, na katika baridi ile mtu hawezi kushinda na mkate mkavu. Mwanafunzi mwenye mchele na sufuria ya kuazima anaweza kukaa wiki nzima. Bila jiko, huenda siku ya tatu akawa ameshapanda treni ya kuondoka. Wanaokarabati hosteli hizi wanapaswa kuchora kwanza mahali pa jiko, ndipo wahesabu vitanda.