Nilinunua Hatari! ya 1962, Kumbe Sikununua Muziki wa Muvi

Wasee, leo ni stori ya sahani. Zile kubwa nyeusi za kina guka, na zile ndogo za kung'aa ambazo watu siku hizi wanafunga shambani kufukuza ndege. Msimamo wangu nauweka hapa mapema ndiyo usome ukijua: kama unataka kukusanya muziki wa muvi, anza na CD. Santuri ni tamu, santuri inapendeza kwa picha, lakini kwa muziki wa muvi imetudanganya kwa miaka mingi. Mimi ilinidanganya mwenyewe, na nililipa pesa.

Ilianza Kenyatta Market. Pale ndani, mbali kidogo na moshi wa nyama choma, kuna stall ya santuri za zamani. Nilikuwa napita tu. Nikaona kava moja ina neno la Kiswahili, herufi kubwa, na jina la mzungu chini yake: Hatari!, Henry Mancini. Nikasimama.

"Mzee, hii ni ya bendi gani?"

"Si bendi, kijana. Hiyo ni muvi ya John Wayne. Waliitengeneza hapo Tanganyika."

Akaniwekea kwa mashine yake. Ngoma, filimbi, halafu ile ngoma ya mtoto wa ndovu inayoitwa "Baby Elephant Walk", ambayo hata kama hujui jina lake umewahi kuisikia mahali. Nikatoa thao mbili na nusu. Sikuwa na mashine ya kuichezea. Mabeste wangu walinicheka wiki mzima: msee ameacha chuo mwaka wa pili, hana kazi, amenunua sahani hana pa kuichezea. Walikuwa na point.

Baadaye nikaitafuta muvi yenyewe. Ni ya 1962, director ni Howard Hawks, na inahusu watu wanaoshika wanyama wa porini kuwauza kwa zuu. Waliipiga Tanganyika kuanzia mwisho wa 1960, kabla ya uhuru wa Disemba 1961. Nikakaa nikiisikiliza kwa makini, nikingoja ngoma zangu. Zilikuja, lakini si zile. Mpangilio tofauti, vyombo vinaingia tofauti. Na ule muziki mrefu wa kufukuza wanyama kwa gari, ule unaokufanya ukae pembeni ya kiti, mwingi haukuwa kwa sahani yangu kabisa.

Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya hii kitu.

Sahani za kwanza za muziki kutoka muvi ndefu ziliuzwa Januari 1938, kutoka Snow White ya Disney. Zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika 3 au 4 tu. Juni 1948 kampuni ya Columbia ikaleta LP, mizunguko 33 na theluthi, kama dakika 22 kila upande. Ukijumlisha ni dakika 45 hivi. Hiyo namba iweke akilini, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sanduku. Muvi ikiwa na muziki wa dakika 80, nusu inabaki nje. Ukilazimisha dakika nyingi kwa upande mmoja, mifereji ya sahani inabanana na sauti inakuwa ndogo na dhaifu.

Lakini ukubwa wa sanduku haukuwa shida peke yake. Kanda za muvi ni mali ya studio ya filamu, sahani inauzwa na kampuni ya muziki, na orkestra inataka malipo yake kila muziki unapotumika mahali pengine. Halafu muziki wa muvi huwa vipande: sekunde 40 hapa, dakika moja pale. Mtu wa kununua sahani ya kuchezea wageni hataki vipande. Kwa hivyo watunzi wengi walikuwa wanarudi studio, wanapanga zile ngoma upya ziwe nzima na tamu, na hizo ndizo zinauzwa. Mancini alikuwa bingwa wa huo mchezo pale RCA Victor. Sahani yangu ya Hatari! ilikuwa sahani ya kusikilizwa sebuleni. "Baby Elephant Walk" ikampa Grammy. Hakuna aliyeibiwa, lakini muziki wenyewe wa muvi ulibaki kwenye kabati la studio.

Na usidhani hiyo ilikuwa tabia ya kitambo tu. Star Wars ya 1977, John Williams na London Symphony Orchestra, ilipewa LP mbili, bahati kubwa kwa wakati huo. Bado ngoma zilipangwa upya ili zisikike vizuri kama tamasha, si kwa mfuatano wa muvi. E.T. ya 1982? Ile LP ilikuwa mpangilio wa tamasha, uliorekodiwa kando. Muziki uliotumika kwa muvi ulitoka 1996, kwa CD. Ile noma zaidi ni Blade Runner. Muvi ilitoka 1982 na muziki wa Vangelis, lakini sahani iliyouzwa ilikuwa orkestra nyingine ikicheza nyimbo zake. Albamu ya Vangelis mwenyewe ilifika 1994. Miaka 12! Mtu angezaliwa siku ya premia amalize shule ya msingi kabla ya kuisikia.

Sasa CD. Sony na Philips waliizindua Japani mwezi wa kumi 1982. Sentimita 12, dakika 74, hakuna kugeuza upande. Kuna kitu kingine ambacho ni muhimu zaidi kwa muziki wa muvi kuliko kwa benga au rege: ukimya. Orkestra ya muvi inaweza kushuka hadi fidla moja inanong'ona, halafu tarumbeta zote zikulipukie. Kwa santuri, pale pa kunong'ona ndipo unasikia vumbi likipasuka, pa, pa, pa. Na ngoma kubwa ya mwisho, ile ya ushindi, mara nyingi inaangukia karibu na katikati ya sahani, mahali ambapo mfereji ni mfupi na sauti inaanza kukwaruza. Yaani santuri inachoka pale pale muvi inapopanda. CD haina hiyo shida: kutoka sauti ndogo kabisa hadi kubwa kabisa inabeba desibeli 96, na ngoma ya mwisho inasikika safi kama ya kwanza.

Haki iseme, CD nayo haikuleta mbingu mara moja. Marekani, malipo ya wanamuziki yalikuwa juu, kwa hivyo miaka ya 1980 na 1990 ulikuwa unanunua CD ya dakika 74 ndani yake kuna dakika 30. Lakini baadaye kampuni ndogo kama Intrada na La-La Land zikaanza kutoa muziki mzima wa muvi za zamani kwa nakala chache, mara nyingi elfu chache tu duniani kote. Watu wakaingia kwa makabati ya studio, wakafuta vumbi kanda, wakapanga kila kipande mahali pake. Muziki wenyewe wa Hatari! ulitokea kwa njia hiyo, kwa CD, miongo mingi baada ya sahani yangu.

Naongea kuhusu Hatari! kwa sababu ni ya upande wetu, na si peke yake. Born Free ya 1966, ya Elsa yule simba, ilipigwa hapa Kenya na ikampa John Barry Oscar mbili. Out of Africa ya 1985, Karen na Ngong Hills zote zimo, ikampa huyo huyo Barry nyingine. Hiyo ilitoka wakati LP na CD ziko dukani pamoja. Halafu The Lion King ya 1994. Hiyo CD wengi wenu mmeiona nyumbani bila kujua. Ina ngoma 12: tano za kuimbwa kutoka muvi, tatu za Elton John peke yake, na nne tu za Hans Zimmer, aliyeshinda Oscar kwa huo muziki. Ngoma nne! Muziki mzima ulitoka 2014, kwa CD mbili. Yaani muvi ambayo ilifanya dunia yote iseme "hakuna matata" ilingoja miaka 20.

Nikifika hapa kuna mtu ataniambia santuri ndiyo imerudi. Ni kweli. Mwaka 2022 Marekani waliuza santuri karibu milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kupita tangu 1987. Kuanzia 2011 hivi, kampuni kama Mondo ya Texas zimefanya muziki wa muvi uwe kitu cha kuning'iniza ukutani: sahani za rangi ya damu, kava zilizochorwa upya na wasanii wakali. Zinapendeza, sikatai. Lakini nyingi zimetengenezwa kutoka faili ya kidijitali, ile ile ambayo ingeingia kwa CD. Unalipa mara tatu, nne, kwa sauti ile ile iliyopitishwa kwa sindano. Ongeza usafiri hadi Nairobi, ongeza ushuru, ongeza joto la nyumba ya mabati linalopinda sahani kama chapati. Wakati huo huo mtumba kuna katoni za CD, finje kila moja, na deki ya DVD iliyolala chini ya TV ya mathe inazicheza bila shida.

Kitu moja nitakipa santuri. Sahani yangu ya Hatari! ndiyo ilinionyesha watu wa 1962 walisikia nini sebuleni kwao, wakiwazia Tanganyika ambayo hawajawahi kukanyaga. Hiyo pia ni historia. CD ya muziki mzima inakuambia kilichofanyika studio. Santuri inakuambia kilichouzwa. Kama una pesa ya zote mbili, chukua zote. Mimi sikuwa nayo.

Na hapa ndipo stori yangu inakuwa ya ukweli kidogo. Niliacha chuo kwa sababu buda alifariki na karo ikaisha. Mwaka jana mwezi wa pili, rent ilinikwama. Nikauza spika, nikauza kiti, halafu nikabeba Hatari! nikarudi nayo Kenyatta Market. Mzee aliigeuza, akaiangalia kwa mwanga, akanipa thao moja na mia nane. Hakuuliza kitu. Akaniambia tu, "Ikikaa, utaikuta."

Jioni nikajaribu kuuza CD pia. Zilikuwa kwa mfuko wa Naivas, kama 30 hivi. Hakuna mtu alitaka. Jamaa mmoja alinicheka akaniuliza kama nauza na kaseti. Kwa hivyo nilirudi nazo zote keja, na moja yao ni The Lion King ya 1994, orijino, ambayo buda alinunua tao kabla sijazaliwa. Ameandika jina lake kwa kalamu ndani ya kava, kama watu walivyokuwa wanaandika wakihofia kuazimwa. Ningepata mnunuzi siku hiyo, ningeiuza. Naapa ningeiuza.

Kwa hivyo mtu akiniambia CD haina thamani, namwambia asante Mungu haina. Muziki niliolipia kwa simu ulipotea siku niliyoshindwa kulipa mwezi. Santuri iliondoka kwa sababu ina soko. CD zilibaki kwa sababu hakuna aliyezitaka.

Sasa fikiria zetu. Miaka ya 1970 hapa Nairobi kulikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na bendi zilitoka Kongo na Tanzania kuja kurekodi. Leo tunatengeneza muvi kali, Nairobi Half Life ya 2012, Supa Modo ya 2018, na sijawahi kukutana na muziki wa yoyote kwa sahani, kubwa wala ndogo, kwa stall yoyote ya hii city. Kama wewe ni produsa wa muvi unasoma hii, usituahidi santuri ya rangi ya dhahabu. Tuchomee CD 200 na utuuzie hapo nje ya ukumbi. Muziki mzima, kwa mfuatano wake, na majina ya waliocheza.

Mimi naendelea kukusanya za finje. Ile ya buda bado inacheza, ingawa ina mkwaruzo inaruka kidogo mwishoni. Ngoma ya saba, pale Mufasa anapoanguka, hiyo huwa naruka mwenyewe.