Matukio Machache Mno: Historia ya Ladha za Kwaki



Mwaka 1993 Papa Yohane Paulo II alimteua mwanafizikia mmoja wa Roma, Nicola Cabibbo, kuwa rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Cabibbo alishika kazi hiyo hadi alipofariki mwezi wa Agosti 2010. Katika Kanisa alijulikana kwa cheo hicho. Wanafizikia walimjua kwa jambo jingine kabisa: pembe moja ya nyuzi 13 hivi, inayoitwa kwa jina lake. Pembe hiyo si ya meza wala ya ukuta. Ni kipimo cha namna chembe ndogo kabisa za maumbile zinavyobadilika kutoka aina moja kuwa nyingine, na kutokana nayo yamefuata mengi ambayo hayajaisha hata leo.

Ninyi mnaosoma sekondari mnajua kwamba atomu ina kiini, na kiini kina protoni na nyutroni. Protoni nayo imeundwa kwa chembe tatu ziitwazo kwaki: mbili za aina u, moja ya aina d. Jiwe, maji, mkono wako, vyote vimejengwa kwa kwaki za aina hizo mbili pamoja na elektroni. Lakini zipo kwaki za aina nyingine nne, s, c, b na t, ambazo huzaliwa katika migongano mikali na kutoweka mara. Tofauti hiyo ya aina inaitwa «ladha». Inasimuliwa kwamba Murray Gell-Mann na Harald Fritzsch walilichukua neno hilo katika duka la aiskrimu huko Pasadena, Marekani, walipoona jinsi ladha zilivyokuwa nyingi. Tusilitafutie fumbo. Hakuna aliyewahi kuonja kwaki.

Habari yenyewe ilianza mwaka 1947 huko Manchester, Uingereza. George Rochester na Clifford Butler walikuwa wakipiga picha za mionzi itokayo angani, ikipita katika chumba chenye mvuke. Katika maelfu ya picha, mbili zilionyesha alama kama herufi V, dalili ya chembe isiyojulikana iliyovunjika njiani. Chembe hizo zilizaliwa kwa urahisi lakini zilikawia kufa kuliko ilivyotarajiwa, zikaitwa «ngeni». Zilipokuwa zikivunjika kwa nguvu iitwayo nguvu dhaifu, ile inayobadili ladha, zilifanya hivyo kwa uchache wa kushangaza, mara ishirini hivi chini ya hesabu.

Je, maumbile yana nguvu dhaifu mbili, moja kwa chembe za kawaida na nyingine kwa chembe ngeni? Mwaka 1963 Cabibbo, akiwa na umri wa miaka 28, alijibu kwamba nguvu ni ile ile moja, ila imegawanywa. Fikirini kipimo kimoja cha unga kinachomiminwa katika bakuli mbili: sehemu kubwa huku, sehemu ndogo kule, na jumla haibadiliki. Mgawanyo huo unawekwa na pembe moja tu. Wakati huo hata neno kwaki halikuwa limezaliwa. Lilikuja mwaka uliofuata. Binafsi naona hilo ndilo la ajabu zaidi, kwamba mgawanyo ulijulikana kabla ya vile vinavyogawanywa.

Mwaka huo wa 1964 ulileta mshtuko mwingine. Katika maabara ya Brookhaven, Marekani, James Cronin, Val Fitch na wenzao wawili walichunguza chembe iitwayo kaoni. Wanafizikia waliamini kwamba ukiibadili kila chembe ya maada kwa pacha wake wa antimaada, kisha ukatazama yote katika kioo, sheria za maumbile zitabaki zile zile. Kati ya matukio zaidi ya 22,000 waliona 45 hivi ambayo, kwa imani hiyo, hayangepaswa kuwepo hata moja. Ni mawili katika elfu. Wangeweza kuyasukuma pembeni kama kasoro za vyombo. Waliyakagua kwa miezi, hayakuondoka, nao wakayatangaza. Miaka mitatu baadaye Andrei Sakharov, huko Urusi ya Kisovieti, alionyesha uzito wa jambo hilo: kama mwanzoni maada na antimaada zilikuwa sawa sawa, zingeangamizana zote. Ili kibaki chochote, nyota au mtu, tofauti ya namna ile ilikuwa lazima.

Tutazame sasa tukio linalokosekana. Kaoni yenye chaji huvunjika na kutoa muoni, ndugu mzito wa elektroni, mara 64 hivi katika 100. Kaoni isiyo na chaji, ile inayoishi muda mrefu, ingeweza kutoa muoni mbili. Lakini hufanya hivyo mara 7 hivi katika 1,000,000,000. Kwa nini uchache huo? Mwaka 1970 Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walieleza kwamba lazima iwepo kwaki ya nne, ambayo bado hakuna aliyeiona, na mchango wake unafuta karibu kabisa mchango wa ile ya kawaida. Mwezi wa Novemba 1974 vikundi viwili, kimoja Brookhaven na kingine Stanford, vilitangaza kwa pamoja chembe mpya iliyoundwa kwa kwaki hiyo, c, na pacha wake. Ukimya wa kaoni ulikuwa umesema kweli.

Huko Kyoto, Japani, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa walikuwa wamekwenda mbali zaidi mwaka 1973. Waliipanua hesabu ya Cabibbo, wakaonyesha kwamba ile tofauti ya Cronin na Fitch inaelezeka vizuri kama kwaki ni za aina sita. Zilizojulikana zilikuwa tatu tu! Ya tano, b, ilipatikana mwaka 1977. Mwaka 1987, huko Hamburg, chembe zenye kwaki b zilionekana zikigeuka kuwa antimaada yao kwa wepesi usiotarajiwa, ishara kwamba kwaki ya sita ni nzito sana. Ilipatikana Marekani mwaka 1995, na uzito wake unakaribia ule wa atomu nzima ya dhahabu.

Jedwali la migawanyo hiyo yote huitwa CKM, herufi za kwanza za Cabibbo, Kobayashi na Maskawa. Mwaka 2008 nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa Kobayashi na Maskawa, nusu nyingine kwa Yoichiro Nambu. Cabibbo hakutajwa. Wanafizikia wengi wa Italia waliumia, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Yote niliyosimulia yamo ndani ya nadharia iitwayo Modeli Sanifu. Nadharia hiyo imefaulu mitihani mingi, lakini haielezi kwa nini familia za kwaki ni tatu, haisemi maada ya giza inayovuta magalaksi ni nini, na tofauti kati ya maada na antimaada iliyomo ndani yake ni ndogo mno kuweza kueleza ulimwengu uliobaki. Kwa hiyo watafiti wanarudia njia ya mwaka 1970. Wanatafuta matukio machache kabisa na kuyahesabu, kwa kuwa chembe nzito isiyoweza kutengenezwa na mashine yoyote inaweza kuacha alama yake katika hesabu hizo.

Chombo kikubwa cha kazi hiyo ni LHCb, kilichowekwa mita 100 hivi chini ya ardhi, kwenye mzingo wa kilomita 27 unaopita mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Wanaokitumia ni zaidi ya watu elfu moja. Walipima kwanza kama kwaki b inapovunjika hutoa muoni na elektroni kwa kiasi sawa, kama Modeli Sanifu inavyodai. Mwaka 2014 kipimo kilionyesha upungufu wa muoni. Mwezi wa Machi 2021, kwa data nyingi zaidi, palipotakiwa 100 palionekana 85 hivi, na uwezekano wa kuwa bahati tupu ulikadiriwa kuwa moja katika elfu. Kwa desturi yao hilo halitoshi: neno «ugunduzi» hawalitamki mpaka uwezekano huo ushuke hadi moja katika milioni tatu na nusu hivi. Hata hivyo magazeti ya dunia yaliandika, na wataalamu wa nadharia walijaza kurasa nyingi wakielezea chembe mpya inayoweza kusababisha upungufu huo.

Kikundi chenyewe kiliendelea kujikagua. Elektroni ni vigumu kuzitambua ndani ya chombo, kwa kuwa hupoteza nishati njiani kwa kutoa mwanga. Walipochunguza upya walikuta kwamba chembe za aina nyingine, zilizofanana nazo, zilikuwa zimehesabiwa kama elektroni. Elektroni za uongo zikiongezeka, muoni huonekana pungufu. Tarehe 20 Desemba 2022 walitangaza hesabu mpya: muoni na elektroni ziko sawa, kwa kadiri chombo kinavyoweza kupima. Hakuna mtu wa nje aliyewalazimisha. Tumaini lilikuwa lao, na wenyewe ndio waliolizima.

Kazi haikusimama hapo. Mwaka 2025 LHCb ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba tofauti ya maada na antimaada ipo hata katika baryoni, jamii ile ile ya protoni na nyutroni. Kipimo ni 2.5 hivi katika 100, na safari hii kiwango cha ugunduzi kimevukwa. Huko Tsukuba, Japani, chombo Belle II kinakusanya data tangu 2019. Ipo pia tofauti nyingine isiyofutika bado, inayohusu tau, ndugu mzito zaidi wa elektroni. Kwaki b inaonekana kuitoa mara nyingi kidogo kuliko nadharia inavyosema. Kiwango cha ugunduzi hakijafikiwa, nao wanaendelea kuhesabu.