Daftari la Rabai na Majina ya Watoro

Tarehe ya Kanisa la Anglikana katika nchi ya Kilifi husimuliwa siku zote kwa mpangilio mmoja: Ludwig Krapf anafika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine mwaka huohuo, Johannes Rebmann anamfuata mwaka 1846, na Agosti ya mwaka huo wawili hao wanafungua kituo Rabai. Kisha kanisa linakua. Yote hayo ni kweli, lakini hayaelezi lilikuaje. Rebmann alikaa Rabai karibu miaka thelathini, akaondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Miaka kumi na mitatu baadaye mahali hapohapo palijaa watu kwa mamia. Mahubiri pekee hayawezi kuleta tofauti hiyo. Nashikilia kwamba tarehe ya parokia hizi ianze na watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wao, na kitabu cha kuianzia ni daftari la ubatizo, la ndoa na la maziko.

Tangu miaka ya 1860 Malindi ilistawi tena kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa pande za Ziwa Nyasa. Mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873 ulifunga biashara ya watumwa baharini, ila utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali pwani hii hadi 1907. Waliochoka walitoroka kuelekea bara. Wengine walijijengea vijiji kama Fuladoyo, ndani ya nchi ya Wagiriama. Wengine walikwenda Rabai, kwenye misheni. Mabwana wakadai mali yao mpaka George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akakubali walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni, wengi wao wa Rabai, wakapata hati za uhuru. Orodha ya fidia humtaja mtu kwa sababu ana bei. Daftari la kanisa humtaja kwa sababu nyingine kabisa. Safu zake zilitoka Uingereza, ambako kila parokia iliamriwa kuweka daftari tangu mwaka 1538: tarehe, jina, wazazi, makao, kazi, sahihi ya mchungaji. Aliyeibwa akiwa mtoto angesema nini alipoulizwa wazazi? Lakini mwanawe alipobatizwa, safu hiyo ilikuwa na cha kuandikwa, na hapo ukoo ukaanza upya. Hali kadhalika ndoa. Mtumwa hakuoa bila idhini ya bwana wake. Daftari la ndoa la Anglikana halina safu ya bwana.

Wapo watakaosema kwamba daftari hilo ni kazi ya wageni, na kwamba ubatizo wenyewe uliwafuta watu majina yao. Kuhusu majina, hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipunguza. Kuhusu wageni, tumtazame William Jones. Alikuwa Myao, mtoto aliyekombolewa utumwani, akalelewa Nasik huko India, akaja Rabai mwaka 1864 kumsaidia Rebmann. Askofu James Hannington alimpa ushemasi Mei 1885. Hannington alipouawa Busoga Oktoba mwaka huo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara wa askofu huyo Rabai. Watoro walipokuwa wakimiminika, mtumishi wa kanisa waliyemkuta hapo alikuwa mtu aliyeonja utumwa na kupewa jina la kigeni yeye mwenyewe. Huwezi kuisoma kazi yake kama unavyosoma barua za wakubwa wa misheni huko London.

Hoja nzito zaidi ni ya kaya, vijiji vya jadi vya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao. Wamijikenda hawakuhitaji karatasi ili kujua nani ni wa mbari gani. Wazee walikumbuka, na wengi wao hawakubatizwa kamwe. Nakubali, na ndiyo sababu madaftari ya Jilore na Kaloleni, ambako waliobatizwa ni Wagiriama wenye koo zao, yasomwe pamoja na masimulizi ya wazee. Lakini kumbukumbu ya mbari huwatunza walio na mbari. Mtoro kutoka Nyasa hakuwa na mzee wa kumtaja katika kaya yoyote, na serikali nayo haikuandika kuzaliwa wala kufa kwake: sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilienea Kenya nzima mwaka 1971 tu. Kwa mtu huyo daftari la parokia halina mbadala.

Linabaki suala la heshima, na ndilo linalonigusa zaidi. Ziko familia za watoro zilizooana na wenyeji zikaacha asili yao ya utumwa ipoe, na haifai kuianika mbele ya majirani. Basi madaftari yanakiliwe sasa, kabla ya mchwa na unyevu wa pwani, nakala zibaki mikononi mwa parokia, na kurasa za miaka ya utumwa zifunguliwe kwanza kwa wajukuu wanaoomba kuzisoma. Karatasi nyingi za wamishonari zimehifadhiwa vizuri Birmingham, Uingereza, na msomi yeyote anaweza kuzifikia. Mjukuu wa mtoro wa Rabai anastahili kulifikia jina la babu yake bila kupanda ndege.